Taya, nyonga na kidonge cha Jumamosi

Kwa wiki sita boksi la vidonge lilikaa juu ya friji nyumbani kwa mama yangu, Tanga, bila kufunguliwa. Ndani yake mlikuwa na vidonge vinne, kimoja kwa kila wiki. Mama ana miaka 71. Mwaka uliotangulia aliteleza kwenye kizingiti cha bafu, akajizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika. Aliyemfunga plasta alimwambia kwamba mtu akianguka kutoka kimo chake mwenyewe, bila gari wala ngazi, mfupa mzima haupaswi kuvunjika. Akamwelekeza aende Dar es Salaam akapimwe ujazo wa mifupa. Majibu yakaja na alama ya kutoa mbele: −2.9. Kadiri alama inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo mfupa ulivyopungua ujazo kuliko wa kijana mwenye afya. Daktari akaandika alendroneti, dawa ya kukinga mifupa isivunjike, miligramu 70, mara moja kwa wiki.

Kabla hajameza hata kimoja, ukaingia ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka kwa mama mdogo anayeishi Uingereza: "Dada, hizo dawa zinaozesha taya. Na paja linavunjika lenyewe. Usithubutu."

Nilipomuuliza Mama ameamuaje, alinijibu: "Mwanangu, taya langu nalitumia kila siku. Nyonga sijawahi hata kuiona."

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu dawa hizi, na sijakutana na aliyeusema ugumu wake vizuri zaidi. Madhara ya dawa yana jina, yana picha, yana mtu yaliyempata. Nyonga ambayo haikuvunjika haina picha. Hakuna mwanamke atakayemtumia dada yake ujumbe wa sauti kusema, "leo nimeteleza nikainuka salama, nadhani ni kile kidonge." Kwa hiyo mizani hii huanza ikiwa imelala upande mmoja kabla hujaweka kitu.

Na mama mdogo hakudanganya. Taya linaweza kuharibika, na mfupa wa paja unaweza kuvunjika kwa sababu ya dawa hizi. Alichokiacha ni kiasi: linampata nani, kwa dozi gani, baada ya muda gani, na wakati huohuo nyonga ngapi zimenusurika.

Tuanze na mfupa wenyewe, maana ndiko faida na madhara yanakotokea. Mfupa ulio hai uko kwenye ukarabati usiokoma. Zipo seli zinazobomoa vipande vilivyochakaa, na zipo zinazofuata nyuma kujenga upya. Ujanani kazi za pande hizi mbili zinalingana. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwatuliza wabomoaji hupungua, nao wakawatangulia wajenzi. Kila mwaka kinabomolewa zaidi ya kinachojengwa, na baada ya miaka mfupa unabaki na umbo lake kwa nje lakini ndani una matundu kama mkate wa kumimina. Hauumi, wala hautoi dalili. Wengi hujua siku ulipovunjika.

Alendroneti ni ya kundi la bisfosfoneti. Asili ya kundi hili inafurahisha kidogo. Watu wa viwandani walikuwa wakitumia kemikali za ukoo huohuo kuzuia chokaa isigande kwenye mabomba ya maji. Miaka ya 1960 mwanasayansi wa Uswisi, Herbert Fleisch, na wenzake wakagundua kuwa zinashika pia madini ya chokaa ya mfupa, yaani kalsiamu. Seli mbomoaji inapokuja kula mfupa ulioshika dawa, inaimeza dawa pamoja na mfupa, inadhoofika au kufa. Ubomoaji unapungua na mfupa unapata nafuu.

Lakini ubomoaji si uharibifu mtupu. Mfupa wa paja unaobeba mwili siku nzima hupata nyufa ndogondogo, nazo hurekebishwa kwa kubomoa kipande chenye ufa na kukijenga upya. Ukimfungia mbomoaji nje kwa miaka mingi, nyufa nazo zinakaa. Taya nalo, lenye meno yanayosukumwa kila mlo na bakteria wengi kinywani, linategemea sana ukarabati huo. Ndiyo maana madhara mawili yaliyomtisha Mama yapo kwenye paja na taya badala ya ini au macho. Kinachozuia nyonga isivunjike ndicho hichohicho kinachoweza kudhuru. Dawa ya aina hii isingeweza kuwa na faida tupu, na anayeiuza kwa maneno hayo apuuzwe.

Sasa kiasi. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili ya uti wa mgongo iliyobonyea. Nusu yao walipewa alendroneti, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa takriban miaka mitatu. Waliokosa dawa, 15 katika kila 100 walipata pingili nyingine iliyovunjika. Waliopata dawa, 8. Kwa nyonga, walikuwa 2.2 kwa 100 bila dawa na 1.1 kwa dawa.

Zisome hesabu hizo taratibu. Katika wanawake 100 waliomeza, saba waliepushwa na mvunjiko wa mgongo. Wanane walivunjika pamoja na kumeza. Waliobaki, 85, wasingevunjika pingili hata kama wangetupa vidonge shimoni. Na hakuna anayeweza kujua yeye yuko kwenye kundi lipi. Daktari atasema dawa inapunguza kuvunjika nyonga kwa nusu. Jirani mwenye shaka atasema inamsaidia mmoja tu katika mia. Wote wawili wanasoma mstari uleule wa jedwali lilelile.

Dripu ya asidi ya zoledroniki, ambayo ni ya familia hiyohiyo lakini huwekwa mara moja kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 7,700 na matokeo yakatoka mwaka 2007. Mivunjiko ya pingili ilishuka kutoka 10.9% hadi 3.3% kwa miaka mitatu, na ya nyonga kutoka 2.5% hadi 1.4%. Kwa wanawake elfu moja, hizo ni nyonga 11 zilizonusurika.

Kumi na moja kwa elfu unaweza kuona ni kidogo, mpaka uhesabu nyonga moja ina nini ndani yake. Katika nchi zenye hospitali nzuri na upasuaji wa haraka, kati ya mtu mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu hufariki ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuvunjika nyonga, na wengi wa wanaopona hawarudii mwendo wao wa zamani. Kwetu nyonga ikivunjika huulizwa kwanza fedha za upasuaji ziko wapi. Zisipopatikana ni kitanda, na kitanda kina vidonda vya mgongo, kichomi na damu kuganda miguuni. Na kila bibi aliyelala hivyo yupo binti au mkwe aliyeacha genge lake kumgeuza asubuhi na jioni. Yeye haingii kwenye jedwali lolote.

Tugeukie upande wa pili, tukianza na yale ambayo hospitali zetu huyaita maudhi madogo madogo. Kwa kidonge cha wiki, adui mkubwa ni umio. Kidonge kikinasa njiani kinaunguza. Kwa hiyo kinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji ya kawaida, kisha unakaa wima au unasimama nusu saa bila kula wala kulala. Maji ya kawaida maana yake ni maji ya kawaida. Chai ya maziwa inaikamata dawa tumboni ikatoka kama ilivyoingia, na hata chai ya rangi au kahawa inapunguza kinachoingia mwilini. Dozi yenyewe hunyonywa kidogo sana na mwili, kinachofika damuni ni chini ya asilimia moja ya kilichomezwa, sasa ukiichanganya na maziwa unameza bure. Nina hakika wapo akina mama wengi waliokula dawa hii mwaka mzima na uji, wakapata kiungulia bila faida.

Mama alikuwa na swali lake: mwezi wa Ramadhani itakuwaje? Inawezekana. Unaamka mapema kidogo kabla ya daku, unameza, unakaa nusu saa, ndipo unakula. Kwa mtu ambaye umio wake una shida ya kupitisha chakula, au hawezi kukaa wima nusu saa, kidonge si chake na aulizie dripu.

Dripu nayo ina yake. Takriban mtu mmoja kwa watatu hupata homa na maumivu ya misuli siku moja hadi tatu baada ya ile ya kwanza, kama malaria inayokuja. Ukiambiwa mapema, unakunywa panadol na kulala. Usipoambiwa, unakimbilia kupima malaria, na ya mwaka wa pili huitaki. Mara nyingi ya pili huwa nyepesi zaidi. Figo lazima zipimwe kwanza, kwa sababu figo zilizochoka sana haziwezi dawa hii. Vitamini D na madini ya chokaa navyo viwe sawa kabla ya sindano, vinginevyo chokaa ya damuni inaweza kushuka vibaya.

Sasa taya. Habari zake zilianza kuandikwa mwaka 2003, daktari wa upasuaji wa kinywa wa Miami, Robert Marx, alipoeleza wagonjwa waliokuwa na mfupa wa taya uliobaki wazi bila kupona, wengi baada ya kung'oa jino. Karibu wote walikuwa wagonjwa wa saratani. Hapa ndipo ujumbe wa WhatsApp ulipoacha kitu muhimu. Mgonjwa ambaye saratani imeingia kwenye mifupa hupewa asidi ya zoledroniki miligramu 4 kila wiki tatu hadi nne. Kwa mwaka inakaribia miligramu 50 au kuzidi. Mwenye mifupa iliyopungua ujazo anapewa miligramu 5 kwa mwaka mzima. Dawa ni moja, jina moja, dozi zimetofautiana mara kumi au zaidi, na mwili mmoja tayari una saratani na dawa zake nyingine. Kwa dozi za udhaifu wa mifupa, makadirio yanayotumika zaidi ni kati ya mtu mmoja kwa 10,000 na mmoja kwa 100,000 kwa mwaka.

Hatari hiyo pia inaweza kupunguzwa. Hatari kubwa iko kwenye kung'oa jino na kwenye fizi zilizooza, kwa hiyo jino bovu lishughulikiwe kabla ya dawa. Mama alikuwa na gego moja la kulia lililomsumbua tangu sikukuu. Nikamwambia tuanze na hilo.

Paja ndilo lililonipa kazi zaidi, kwa sababu hapa hofu ina msingi mzito. Mvunjiko wenyewe ni wa ajabu: unatokea chini ya nyonga, kwenye shina la mfupa wa paja, unakatika kwa mstari ulionyooka kama chaki, wakati mwingine mtu akiwa anatembea tu. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo hilo liandikwe kwenye karatasi ya dawa. Miaka kumi baadaye ulitoka utafiti wa Kusini mwa California uliowafuata wanawake 196,129 waliowahi kutumia bisfosfoneti. Waliopata mvunjiko huo walikuwa 277.

Humo ndani kuna takwimu ambayo ingemaliza ubishi wote kama ingesomwa peke yake: ukilinganisha na aliyetumia chini ya miezi mitatu, aliyetumia miaka minane au zaidi ana hatari zaidi ya mara 43. Mara arobaini na tatu! Ukiisikia hivyo utaitupa dawa baharini. Ila ni ujanja uleule wa "inapunguza kwa nusu". Mara 43 ya nini? Ya kitu ambacho bila dawa karibu hakipo. Kwa waliotumia muda mrefu sana, makadirio yanafika kama mmoja kwa elfu kwa mwaka. Kwa miaka ya mwanzo yako chini mno ya hapo.

Watafiti hao waliweka pande zote mbili kwenye sahani moja. Chukua wanawake 10,000, yaani wajaze sehemu moja ya sita ya viti vya Uwanja wa Mkapa, wape dawa miaka mitatu. Wakiwa Wazungu, nyonga 149 zinaokolewa na mapaja mawili yanavunjika. Wakiwa wa asili ya Asia, nyonga 91 zinaokolewa na mapaja manane yanavunjika. Kwa wote faida bado ni kubwa kuliko madhara, lakini pengo ni tofauti kabisa. Neno "Mwasia" huko California linafunika Wachina, Wafilipino, Wahindi na wengine, kwa hiyo si sahihi kulihamisha moja kwa moja. Hata hivyo daktari wa Mombasa au Zanzibar mwenye mgonjwa wa asili ya Kihindi ana sababu ya kulihesabu, hasa muda ukirefuka.

Na mambo mawili zaidi yalijitokeza. Hatari ya paja inapanda kadiri miaka inavyoongezeka, na inashuka haraka mtu akiacha. Dawa yenyewe lakini imeshika mfupani na itakaa huko miaka, ikiendelea kulinda kidogo. Ukiyaweka hayo pamoja, unapata jibu ambalo si "meza" wala "usimeze": meza kwa muda, kisha pumzika. Utafiti mwingine, wa 2006, uliwagawa wanawake 1,099 waliokwisha kumeza alendroneti miaka mitano hivi. Baadhi waliendelea mitano mingine, baadhi wakaacha. Walioacha, 5.3% walipata mvunjiko wa pingili ulioonekana kwa dalili, dhidi ya 2.4% ya walioendelea. Kwa mivunjiko mingine hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa hiyo desturi ya sasa ni kukaa na daktari baada ya miaka mitano ya vidonge, au mitatu ya dripu, na kupima upya. Aliye kwenye hatari ya kati anapumzishwa. Aliyekwisha kuvunjika pingili au nyonga, au ambaye alama yake bado iko chini sana, huendelea hadi miaka kumi ya vidonge au sita ya dripu.

Anayetumia akumbuke pia kwamba paja mara nyingi hupiga hodi kabla. Maumivu butu ya paja au kinena, wiki au miezi kabla, bila kuanguka. Asiyaite baridi yabisi. Apigwe picha, na mapaja yote mawili, maana ufa huweza kuwa pande zote.

Hiyo ruhusa ya kupumzika, naomba isieleweke kuwa ni ya dawa zote, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi kwa nchi zetu. Ipo sindano iitwayo denosumabu, ambayo wengi huijua kwa jina la Prolia. Inachomwa chini ya ngozi kila miezi sita, haina shida ya umio, na kazi yake ni nzuri: kwenye majaribio yaliyotoka 2009, pingili zilizovunjika zilishuka kutoka 7.2% hadi 2.3%. Mama mwenye kiungulia ataipenda. Tatizo ni kwamba haishiki mfupani. Inamzuia mbomoaji kwa miezi sita tu. Siku ikiisha nguvu, wabomoaji wote waliokuwa wamezuiwa mlangoni wanaingia kwa pamoja. Ujazo uliopatikana kwa miaka unapotea ndani ya mwaka mmoja au miwili, na baadhi ya watu wamevunjika pingili mbili, tatu, nne kwa mfululizo.

Sasa fikiria inavyokuwa. Mtoto aliye Muscat au Toronto analipia sindano mbili. Ya tatu anapoteza kazi, au duka la dawa halina, au mwenye bima ameondoa jina la dawa kwenye orodha. Kwa alendroneti, kukatika miezi minne ni upungufu unaovumilika. Kwa denosumabu, kukatika miezi minne huenda kukamwacha mtu pabaya kuliko asingeanza. Anayeianza aanze akijua ataiachaje, na kuiacha kwake ni kwa kupokewa na bisfosfoneti. Kwa mwenye figo zilizofika hatua ya mwisho, hasa anayesafishwa damu, kuna onyo zito zaidi lililotolewa Januari 2024: chokaa ya damu inaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha.

Dawa nyingine nitazipitia tu. Teriparataidi inajenga mfupa badala ya kuzuia ubomoaji, lakini ni sindano ya kila siku na bei yake ni ya kutafuta mwenyewe. Romosozumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, ina nguvu sana, na ina onyo kwa aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya mwaka uliopita. Homoni za kukoma hedhi zinalinda mfupa pia, ila zina hesabu zake za saratani ya matiti na damu kuganda, na hiyo ni makala nyingine.

Kuna swali lingine ambalo msomaji wa Kiafrika ana haki ya kuuliza: hizi hesabu ni zetu? Kwa sehemu tu. Majaribio makubwa yalijaa wanawake wa Kizungu. Marekani kwenyewe wanawake weusi huvunjika nyonga mara chache kuliko Wazungu, na hatari ya mwanzo ikiwa ndogo, kile kinachookolewa na dawa nacho hupungua, ilhali madhara hayapungui kwa sababu hiyo. Ndiyo sababu kikokotoo cha hatari ya kuvunjika mifupa kiitwacho FRAX, kilichotoka chuo kikuu cha Sheffield mwaka 2008, hutengenezewa kila nchi toleo lake. Mtu akitumia la Uingereza kwa bibi wa Korogwe anapata tarakimu ya mtu mwingine. Ila "mifupa ya Mwafrika ni migumu" isiwe kisingizio cha kutompima aliyekwisha kuvunjika. Huyo si wastani tena. Na kwetu yapo mambo yanayokula mfupa kimyakimya: prednisoloni inayomezwa miezi kwa pumu au viungo, tenofoviri ambayo iko kwenye kidonge cha kila siku cha mamilioni wanaoishi na VVU. Dawa hizo zimeokoa watu na haziachwi kwa ajili hii. Zinaingia tu kwenye hesabu.

Hesabu hiyo hutoa majibu tofauti kwa boksi lilelile. Mwanamke wa miaka 53, hajawahi kuvunjika, alama yake −1.7, ameambiwa "mifupa imeanza kupungua". Uwezekano wake wa kuvunjika nyonga miaka mitano ijayo ni mdogo mno. Nusu ya kidogo mno ni kidogo mno vilevile, na akianza leo miaka yake ya dawa itaisha kabla hajafika umri wa kuihitaji. Mimi ningempa dagaa, matembezi, jua na miadi ya kupimwa tena. Tofauti kabisa na mwenye miaka 78 aliyebonyea pingili mwaka jana. Mmoja kati ya watano wa namna yake hupata nyingine ndani ya miezi kumi na miwili, kwa hiyo kila mwezi wa kufikiri una gharama. Mstari wa −2.5, ambao kuanzia hapo kwenda chini mtu huhesabiwa kuwa na udhaifu wa mifupa, uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, uliwekwa na watu mezani. Mfupa hauujui, na wengi wanaovunjika wako juu yake. Umri na mvunjiko wa awali vina uzito kuliko tarakimu ya mashine.

Ujumbe wa hofu nao una rekodi. Marekani, habari za taya na paja zilipovuma, matumizi ya bisfosfoneti za kumeza yalishuka kwa zaidi ya nusu kati ya 2008 na 2012. Mivunjiko ya nyonga kwa wazee wa huko, iliyokuwa ikipungua mwaka baada ya mwaka, ikaacha kupungua kuanzia kipindi hicho. Haiwezi kuthibitishwa kwamba la kwanza limezaa la pili. Lakini madaktari waliokuwa wakibembeleza wagonjwa miaka ile hawakushangaa.

Nilimpigia mama mdogo. Shikamoo zikapita, nikamsomea zile 149 na mbili. Akanyamaza, kisha akasema rafiki yake wa kanisani ndiye aliyepatwa na taya. Nikauliza alikuwa akitumia kwa ajili ya nini. "Saratani ya titi," akajibu, "ilikuwa imeshuka mifupani." Tukaachia hapo.

Kwa Mama nililinganisha hivi: miaka 71, mfupa uliokwisha kuvunjika, −2.9. Yote matatu yako upande mmoja. Figo zake nzima, hajawahi prednisoloni, umio hauna shida. Nikamwambia pia kwamba huenda akawa kati ya wale 85 ambao dawa haitawafanyia chochote, na kwamba hatutajua kamwe. Alifikiri, akauliza, "Na bafu?" Swali zuri kuliko langu. Wiki hiyohiyo fundi akaja kusawazisha kizingiti na kufunga chuma cha kushikilia, na lile zulia la ukumbini linalojikunja pembeni likapelekwa kwa majirani.

Gego liling'olewa, likapona kwa wiki nane. Jumamosi ya kwanza alikaa barazani na glasi ya maji, birika la chai likimsubiri jikoni, akihesabu dakika kwa redio. Ilipofika nusu saa aliinuka, akachukua kalamu, akaenda kwenye kalenda ya ukutani, na pembeni ya namba ya mleta gesi akaandika tarehe ya siku hiyo. Chini yake akaandika mwaka wa kusimama, mitano mbele, akaupigia mistari miwili.